Mnong'ono wa Futi Tano

Kliniki imepakana ukuta na duka la matairi.
Ni Oktoba, Scottsbluff, viazi sukari vinachemshwa kiwandani,
mji mzima unanuka utamu uliochacha,
na mimi mwenye kisukari navuta pumzi tu, sili.

Verlin Hruska, nikaandika. Miaka arobaini na moja.
Fomu inataka NDIYO au HAPANA,
maswali thelathini na mawili,
na kati ya ndiyo na hapana hakuna kijumba
cha kuandika "kidogo", "usiku tu", "tangu ile siku".

Shingo: inchi kumi na saba na nusu.
Daktari Tollefson aliizungushia utepe wa fundi cherehani
kana kwamba ananishonea suti ya kuzikiwa.
"Unakoroma?"
Muulize aliyekuwa mke wangu.
"Mashine unaivaa?"
Naivaa. Mkonga wa tembo usoni, napuliziwa pumzi hadi alfajiri,
na tumboni mwake mna kadi inayohesabu saa nilizolala,
karani asiyesinzia wala kupokea rushwa.

Jeshini hawakunipima shingo.
Walinipa lori la mafuta, lita elfu kumi na tisa,
wakasema zima taa, fuata la mbele,
usisimame.
Hakuna aliyeuliza nimelala lini.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili,
presha sawa, sukari sawa, masikio mawili.

La mbele lilikuwa la Ocampo.

Sikio la kushoto lilibaki naye.
Nilichorudi nacho upande huo ni mluzi,
birika lililosahauliwa jikoni,
miaka kumi na tisa, na maji hayajakauka.

"Simama kwenye alama nyekundu," akasema daktari.
"Ziba la kushoto. Nitanong'ona, wewe rudia."
Futi tano.
Miezi minane nimeziota futi hizi tano.
Nimezifanyia mazoezi na binti yangu Marlys,
yeye kwenye jiko, mimi kwenye friji,
akininong'onezea matusi aliyookota shuleni,
nami nikiyarudia kwa sauti, moja moja,
hadi tukakaa sakafuni kwa kucheka.

"Sabini na sita."
Sabini na sita.
"Sasa ziba la kulia."

Birika.
Niliona midomo yake ikicheza.
"Kumi na moja?" nikasema, kama mnunuzi wa bahati nasibu.
Hakucheka. Aliandika.
"Moja linatosha," akasema. "Sheria haidai mawili."

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Sawa. Lakini lina ndugu,
na huyo ndugu alisikia vizuri sana.

Kilichonikamata ni kikombe cha mkojo.
Wengine hupewa kadi ya miaka miwili.
Mimi nilipewa miezi mitatu:
rudi Januari, na daftari la vipimo, kila asubuhi, usiruke hata siku.
Miezi mitatu si kazi, ni mkopo.
Niliitia mfukoni pamoja na vijiti vya kutobolea kidole.

Jumatatu, uwanja wa mafunzo, baridi ya kukata midomo.
Bi Gutknecht, mkufunzi, alizima injini,
akakanyaga breki, akatuambia tusikilize
kama kuna upepo unaovuja.
Vijana sita, masikio kumi na mawili.
Wote wakasema: shwari.

Mimi nilisikia ssss.
Lakini mimi husikia ssss hata kanisani.
Basi nikafanya nifanyavyo:
nikasogea hatua tatu nyuma, nikageuza kichwa.
Ukipungua, ni lori.
Usipopungua, ni mimi.

Ukapungua.

Nikainua mkono,
na furaha isiyofaa ikinipanda kooni
mbele ya lori bovu.