Ukurasa wa Nyuma

Miaka kumi na mmoja karatasi yetu iliitwa Kilele.
Kihumba ndiye aliyeipa jina, enzi za uenyekiti wake,
akachora na mlima, jua likichomoza nyuma yake,
ingawa kutoka karakana zetu za Kariobangi
kinachoonekana asubuhi ni tangi la maji la jirani
na moshi wa mtu anayechoma nyaya apate shaba.

Mimi ndiye mhariri. Maana yake:
mimi ndiye mwenye kompyuta.
Kila mwezi nilijaza kurasa tatu za mbele
neno la mwenyekiti, maono, mikakati,
picha ya watu wakipeana mikono mbele ya pazia,
maneno yaliyopakwa rangi kabla ya kupigwa msasa.
Ya nne, ya nyuma, nilimwaga yaliyobaki:
bei ya bomba la mraba, inchi moja na nusu;
siku ambayo stima itakatwa, na saa;
hundi ya nani imerudi benki, mara ya ngapi;
nani anauza mashine ya kukunja bati, na kwa nini anaiuza.

Mwezi wa nne wino ulinipungukia.
Nikasema, ya nyuma itasubiri.
Kabla ya saa nne Wavinya alikuwa mlangoni,
miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji,
ameishika Kilele kama mtu aliyepunjwa kilo.
"Iko wapi?"
Ipi?
"Ile inayosomwa."

Nikamweleza wino. Akanieleza geti.
Geti la Utawala, milango miwili, maua ya chuma,
na hundi ya mtu ambaye, angaliliona jina lake nyuma,
asingalimkopesha hata msumari.
Hakupaza sauti. Aliigeuza karatasi,
akauweka juu ule upande mtupu,
akarudi kwenye cheche zake.

Tukakutana, watu kumi na tisa, viti vya plastiki,
ajenda moja.
Amukoya akataka Nyota ya Fundi.
Mtu akasema Nguzo. Mwingine, Nguzo Imara.
Kijana aliyetoka semina akataka jina lenye kasi,
ila hakuwa nalo.
Nafuna, yule anayepima misumari kwa kopo,
akauliza bila kuinuka kitini:
"Ukifungua duka asubuhi, unaulizwa nini kwanza?"
Tukacheka, kwa sababu sote tulijua,
na kwa sababu tulikuwa tumeaibika kidogo.

Leo Bei Gani.

Maneno matatu, na hakuna linalopanda popote.

Usiku ule nikaifuta Kilele, kitufe kimoja, mara sita.
Nilidhani haitaniuma.
Lakini kufuta huanzia nyuma,
na K ilisalia peke yake kwenye kioo, ikinikodolea,
nikamwona Kihumba na toleo la kwanza,
aliloliandika kwa mkono wenye vidole vitatu
(mashine ya kukata ilikuwa imeshachukua chake),
akiamini kabisa kwamba ukimpa mtu jina la juu
atatafuta ngazi.
Nikaifuta na K.

Sasa bei ziko mbele.
Neno la mwenyekiti limehamia nyuma, mistari minne,
naye anasema, kwa mshangao, kwamba linasomwa.

Kihumba alipiga simu kutoka Ruiru, aliko na kuku wake.
Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza, "Na mlima, mmeutupa?"

Sikuutupa. Niliupunguza
ukawa kama kichwa cha bolti,
nikauchomeka pembeni, palipokuwa na nafasi,
karibu na nondo.

Leo Wavinya ameuwekea kidole, kucha nyeusi kwa grisi.
"Alama hii," ameniuliza, "ni kwamba nondo imepanda?"