Hewa ya Wizi

Baba aliiendesha Datsun kwa mguu mmoja:
kisigino brekini, vidole mafutani,
kila tukisimama njia panda ya Barani,
maana ukiiachia tu, inakohoa, inazima,
na tuktuk za nyuma zinatutukana.

Mafundi watatu walishika bisibisi.
Kila mmoja aliikaza kabureta alivyojua,
kila mmoja alikula chake,
nayo ikazidi kutetema
kama mtu aliyeitwa kituoni.

Kadzo Mwambire wa Maweni hakugusa kitu.
Aliweka kikombe cha kahawa juu ya paa.
"Iache ingurume."
Kahawa ikacheza, ikamwagikia kioo.
Kisha akatwaa kipande cha mpira, ncha moja sikioni,
ya pili akaipitisha polepole kati ya mabomba.

"Hapa. Njoo usikie."

Sss, sss:
mtu anayevuta hewa kwa jino bovu.
Kimpira chenye urefu wa kidole
kimepasuka chini, upande usioonekana,
chumvi ya miaka thelathini imekila.
Shilingi themanini.

"Ilikuwa inaiba hewa kwa mlango wa nyuma,"
alisema, akiirudisha skrubu mzunguko mmoja na nusu,
"ninyi mkashinda mkikaza wa mbele."

Kahawa iliyobaki ikatulia
hata nikaona ndani yake waya wa stima
na kunguru mmoja.

Barani nikasimama.
Injini ikanong'ona, ikangoja kama magari ya watu.
Mguu wangu haukuamini:
kisigino brekini, vidole mafutani.
Mle kiatuni,
Baba yumo.