Nyama ya Mkate

Usianze na maji, aliniambia Mzekala.
Maji huyaingiza masizi ndani ya rangi,
yakapanga humo, na hayahami tena.

Tulikuwa Tbilisi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne,
mwezi Machi, theluji imebaki kwenye vivuli tu.
Ukuta ni wa buluu, wapangaji walituapia.
Mimi niliona weusi wa sufuria.
Miaka ile umeme ulipokuwa ukija kwa saa, kama mgeni,
watu walipikia hapa, jiko la bati, mafuta ya taa,
na moshi haukuwa na pa kwenda.

Jaribu kwanza nyuma ya mlango, pasipoonekana,
kona ya ukubwa wa kiganja.
Kitambaa cheupe, tone la sabuni ya kuogeshea watoto.
Kisha tazama kitambaa, usitazame ukuta.
Kikirudi cheusi, umesafisha.
Kikirudi cha buluu, umeiba.
Hakusema "umekosea". Alisema "umeiba".

Nilikuwa na mikono ya haraka.
Nilikuja na brashi ya waya niliyoinunua kwa pesa yangu;
akaipokea, akajikunia mgongo, akaitupa ndooni.

Kisha akapasua mkate wa tanuri, mrefu, wenye ncha mbili.
Ganda tukala.
Nyama akaifinyanga mpaka ikawa kitonge kikavu, chepesi,
akakiweka ukutani: bonyeza, inua. Bonyeza, inua,
kama anayegusa paji la mtoto mwenye homa
na hataki aamke.
Kitonge kikawa cheusi. Akakikunja, weusi ukaingia ndani,
akaendelea.

Tsiuri wa ghorofa ya tatu akashuka na mfuko wa taka.
"Mkate," alisema. Hakupaza sauti. "Mkate, ukutani."
Mzekala akashuka ngazi yake.
Sijawahi kumwona akimshukia mtu.
"Mimi nilikesha foleni. Nambari yangu
waliniandika kiganjani, mia tatu na kumi na mbili,
nikaogopa kunawa."

Akatafuta miwani. Akasogea hadi chini ya mita ya umeme,
penye mikwaruzo tuliyoidhania ya baiskeli.
Ilikuwa imeandikwa kwa kidole:
*Tsiuri, niko foleni. Usipandishe maji,
nitabeba mimi. Otia.*

"Alirudi?" niliuliza. Mzekala akanikanyaga mguu.
"Alirudi. Na mkate mmoja na nusu.
Nusu aliila njiani, akakana,
makombo yamejaa masharubuni."

Ndipo nikaziona herufi vizuri. Hazikuwa nyeusi.
Kidole kilipita kwenye masizi kikafika kwenye rangi:
katika ukuta ule mzima
mahali pasafi palikuwa maneno hayo tu.

"Hatutafuta hata herufi moja," Mzekala akamwambia, taratibu.
"Tutasafisha palipobaki. Lakini hazitasomeka."

Mita ikazunguka. Mahali fulani juu, mtu alikaanga kitunguu.
Tsiuri akanyoosha mkono, akapewa kitonge.
Alianzia mwisho, kwenye jina la Otia.
Bonyeza, inua. Hakuna aliyemfundisha.
Buluu ikatoka pembeni, ikayaingia maneno,
foleni ikaenda, maji yakaenda.
Alipofika kwenye jina lake akasema kuna baridi,
akapanda juu na mfuko wa taka aliosahau kuutupa.

"Hilo liache mpaka Jumatatu," Mzekala akasema,
akaniandikia kwenye boksi la sabuni kazi za Jumatatu:
maji ya vuguvugu, sifongo iliyokamuliwa mpaka isidondoke,
anzia chini upande juu, matone yasichore mifereji,
kausha kwa kugusa.

Jumatatu nilifika kabla yake.
Chini ya mita palikuwa buluu tupu.
Nilipapasa kwa kucha, kijinga, nikitafuta herufi ya kwanza.
Na juu ya ngazi yetu, ndani ya taulo,
mkate mzima, wa moto bado.
Mzima, ila ncha moja ilikuwa imemegwa.