Kihamba cha Karatasi

Udongo wa dukani, ule laini wa kufinyangia,
pakiti ndogo kama kipande cha sabuni, elfu nane.
Niliugeuza mara mbili, nikaurudisha rafuni.
Kwa bei hiyo nisingemaliza hata zizi la baba,
sembuse kihamba kizima.

Karatasi ninazo. Miaka kumi na mmoja ya karatasi:
hati za wito, nakala za hukumu, rufaa,
maombi ya kuahirisha, risiti za wakili,
zote ndani ya mfuko wa saruji, mvunguni,
hapa Pasua, chumba cha mbele.
Mimi mlalamikaji.
Ndetaramo, wa tumbo moja nami, mlalamikiwa.
Panya walikwisha kuanza kuzisoma.

Basi nikachana. Vipande kama kucha.
Nikamimina maji ya moto, nikafunika ndoo, nikalala.
Asubuhi wino ulikuwa umejitoa,
maji ya kijivu, ya kufulia soksi za shule.
Nikatwanga. Kinu ni cha mama, Aikaruwa,
kitu chake pekee ambacho hakikutajwa kwenye hati yoyote.
Nikakamua kwa kanga iliyochakaa.

Kwa anayetaka kujua, vipimo ni hivi:
karatasi iliyokamuliwa, vikombe vitatu, isikauke kabisa;
unga wa ngano kimoja, hata wenye wadudu, chekecha tu;
gundi nyeupe ya mbao, nusu;
vumbi la msumeno, viganja viwili. Kisoka seremala alinipa bure,
"Chukua dada, linanikohoza";
na chumvi, kijiko kizito,
la sivyo ukungu utarithi kabla yenu.
Kanda. Ukikung'ang'ania vidole, bado.
Ukikuachia, tayari.

Gundi ndiyo iliyonigharimu: elfu mbili na mia tano.
Wakili alitoza zaidi ya hapo kuitikia salamu.

Mteremko niliuinua kwa trei za mayai.
Nikapaka, nikabonyeza, nikaanika juani.
Siku ya pili ukapasuka
kutoka migomba ya bibi hadi njiani,
karibu kabisa na pale tulipogombania.
Nikauziba ufa kwa kidole na uji wa udongo uleule.
Mashapo ya kahawa yakawa ardhi.
Nywele za brashi kuukuu, nikizichovya kijani, zikawa ndizi.

Ila mfongo ulinishinda.
Nilifumba macho, nikasikia maji,
sikuyaona yanakokata kona.
Nikampigia. Simu iliita hadi karibu ikate.

Akashuka kutoka Old Moshi na buti za matope,
akasimama mlangoni, akainama mezani,
akatafuta.
"Nyumba yangu hujaiweka."
"Udongo bado upo, kwenye sufuria."

Hakukaa. Alinyoosha kidole cha shahada,
akakwaruza kwa ukucha palipokuwa pabichi bado,
akateremka nyuma ya zizi, akazunguka jiwe la kunolea,
akapita chini.
Chini.
Nami niliapa mbele ya baraza kwamba unapita juu.
Nilitazama ule mchirizi.
Jiwe la kunolea nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Masale je?" akauliza.
Yamo kwenye kiberiti, nimeyakata kwa plastiki ya kijani,
arobaini na mawili, nimeyahesabu.
Jani la mpaka na jani la kuombea msamaha
ni jani moja, na sisi sote tumelelewa tukilijua.
Sikukifungua kile kiberiti. Naye hakunihimiza.

Kwenye kona ya juu, kipande kimoja kilikwepa mchi:
*mlalami*, kisha basi, mwisho wake umekwenda na maji.
Haijulikani ni mimi au ni yeye.
Alikisoma, akakipitishia kidole kama anayefuta makombo.
Hakikufutika.

Akanawa mikono kwenye ndoo ileile.
Akaniuliza gundi inauzwa wapi.