Karibu Ufaransa

Simu yangu imevuka bahari bila mimi.
Nimekaa St Margaret's, pwani ya Kent, chini ya jabali la chokaa,
chai imepoa, soksi miguuni,
nayo inaniandikia: Karibu Ufaransa.
Saa yake imeruka. Mbili kasoro dakika kumi, inasema,
na Ionela wa zamu ya asubuhi hajagonga mlango.

Bi Hazel Foad akanisikia nikisonya.
"Tazama ya ukutani," akasema kutoka kitandani.
"Hiyo yako imelala kwa jirani."

Miaka thelathini alizunguka nchi hii na gari la kampuni,
antena juu ya paa, daftari mapajani,
akipima mnara upi unasikika wapi.
"Jabali limeziba minara yetu," akasema,
"na usiku haukuwa na upepo.
Hewa ya joto imeilalia ya baridi juu ya maji,
kama mfuniko juu ya sufuria.
Wimbi lililotaka kwenda zake mbinguni
linagonga mfuniko, linainama, linarudi chini,
linakuja hivyo hivyo hadi huku.
Calais iko chumbani, binti. Funga dirisha."

Nikamuuliza simu huamuaje kumwacha huyu na kumfuata yule.
Akafurahi. Siku hizi haulizwi ila kama amekunywa dawa.
Simu haina pupa, alisema
(nami nikamsikia bibi yangu:
usiache mbachao kwa msala upitao).
Mnara mgeni sharti uuzidi wenyeji, uuzidi kwa kiasi,
uendelee kuuzidi kwa muda,
ndipo ukabidhiwe sauti ya mtu.
La sivyo utarushwa huku na huku hadi uchoke.

Zamani, kizazi cha tatu, simu ilishika miwili kwa pamoja:
mshika mbili, na hakuna lililomponyoka.
Mitambo ile imezimwa.
Ya leo huachia kwanza, halafu hudaka.
Pengo ni dogo, sikio halilijui.
"Lakini lipo," akasema. "Nimelipima."

Na mpakani hakuna kupokezana.
Kampuni ya huku na ya kule hazidaiani.
Wimbi likizama, maneno hukatwa, basi.

Ndivyo alivyokatika Saumu alfajiri hii
akiwa Pangani, akimgeuza mama ubavu,
mwaka wa nne sasa, yeye peke yake.
Hakuwa akilia. Aliuliza kama anayeuliza bei ya sukari:
"Dada, lini utakuja kunipo—"

Kisha Ufaransa, ikinikaribisha.

Saa moja kamili, ya ukutani, Ionela akaingia
na mchanga kwenye viatu.
Tulimwinua Bi Hazel pamoja,
mkono wangu chini ya bega lake, wa Ionela chini ya wangu.
"Umeshika?"
"Nimeshika."
Nikahesabu pumzi tatu kabla ya kuutoa.

Nje, nikapanda ngazi za jabali simu ikiwa juu,
kama mtu anayeomba nafasi ya kusema.
Kule penye mashamba ya ngano Uingereza ikanipata tena,
saa ikarudi nyuma,
ikanipa upya lisaa ambalo halikuwahi kupotea.

Neno lilikuwa bado nusu.
Silabi zilizobaki nilizijua.

Nikapiga. Ikaita. Ikaita tena,
nami nikienda zangu kuelekea bara, haraka,
bahari nikiipa mgongo.