Kamba ya Kamanga

Mkono wangu wa kulia umelala juu ya mto
kama mgeni wa msiba aliyesahau kuondoka.
Nauita. Hauitiki.
Miaka ishirini na miwili ulirusha kamba
pale Kamanga, kivuko kikisugua matairi ya gati,
na haukuwahi kukosa nguzo
ila mara moja tu, nikampiga mchungaji,
kofia yake ikaenda Sengerema peke yake.

Kiharusi kilinikuta nanawa uso.
Maji yalitulia kiganjani,
kisha kiganja kikayamwaga
bila kuniuliza.

Tabibu Lubango, aliyesomea sindano China,
hana haraka.
Moja begani. Moja kwenye kiwiko.
Moja kwenye bonde la kidole gumba na cha shahada.
Mbili kichwani, upande wa kushoto, maana
"fundi anakaa huku," anasema, "kule ni karakana tu."
Nyembamba kuliko miiba ya furu.
Haziumi. Zinajaa, zinavuta,
kama ndoana iliyonasa kitu kizito
usichojua ni samaki au jiwe.

Hapo Ng'washi wa mazoezi anasogeza kiti.
Sauti yake imenyooka kama rula.
"Funga macho, baba. Mbele yako kuna kikombe.
Usikishike. Fikiri unakishika.
Sikia joto lake. Fungua vidole, kimoja kimoja.
Kinyanyue. Polepole. Kunywa."

Siku za kwanza nilitii.
Chai isiyo na sukari wala mvuke,
vikombe kumi asubuhi, kumi jioni,
mpaka nikachoka kunywa hewa.

Basi nikaanza kumwibia.
Yeye anasema kikombe, mimi nimesimama ubavuni mwa kivuko,
injini inakohoa, dizeli na dagaa puani,
kamba imelowa, nzito, inachubua.
Naikunja mara tatu. Mguu wa kushoto mbele.
Watu hudhani ni mkono.
Si mkono, ni bega,
na kabla ya bega ni jicho.
Halafu naachia.
Inafunguka hewani, inaikuta nguzo.
"Umeshika?" anauliza Ng'washi.
"Nimefunga," namjibu.

Wiki ya tano akaniambia,
"Baba Nyamizi, kikombe gani hicho kinakutoa jasho?"
Nikamweleza yote, hata kofia ya mchungaji.
Akafungua daftari, akakata neno moja,
akaandika jingine juu yake.
Tangu siku hiyo anasema kamba.

Nyumbani Kirumba, Bugumba haamini.
"Mtu kafumba macho tu, naye anaita kazi!"
Lakini kila asubuhi akinivisha shati
anaanza na mkono mgonjwa, kama alivyofundishwa,
na kuuambia, "Pita, bwana mkubwa."

Jana magharibi wadudu wa ziwa walipanda,
wingu zima, moshi usio na moto,
sisi tuko barazani, tumechelewa kuingia.
Mmoja akatua mdomoni mwangu.
Sikufumba macho. Sikufikiri kamba wala kikombe.
Kitu kilinyanyuka kutoka mapajani,
kikafika kifungo cha nne kutoka chini,
kikatetemeka pale,
kikaanguka.

Bugumba aliacha kupeta mchele.
"Rudia."
Nilijaribu hadi saa nne usiku. Wapi.
Mdudu mwenyewe nilishammeza.

Kesho Alhamisi, siku ya sindano.
Nitalivaa shati hilihili, lisifuliwe,
nimwonyeshe Ng'washi pale mkono ulipofika.
Juu yake vimebaki vifungo vitatu,
na kidevu.