Ukurasa wa Kumi na Nne

Mabela, Julai, saa saba usiku.
Kiyoyozi kinakohoa kama mvuta tumbaku
na mimi, mtu mzima, baba wa watu,
nimepiga magoti mbele ya diski saba
zilizofungwa kwa mpira wa nywele wa dada yangu.

Mchezo wa magari. Tuliununua Ruwi,
nyuma ya maduka ya saa, mwaka tisini na tatu,
pesa ya Idi, mimi na Zuwena, nusu kwa nusu,
nusu yangu ikiwa kubwa kidogo,
jambo analolikana hadi leo.

Kisomaji cha diski nimekiagiza Dubai.
Kilikaa mpakani siku tisa,
mtu wa forodha akitaka kujua
ni cha hospitali au cha jeshi.

Ya kwanza imesoma.
Ya pili imesoma.
Ya tatu imekwaruza, kijiko juu ya ukoko,
ikanyamaza, ikakwaruza,
kisha kioo kikaniuliza kwa adabu:
Haisomeki. Urudie, upuuze, au uache?
Nikarudia.
Nikarudia.
Nikaipuliza, nikaipangusa kwa upindo wa kanzu,
nikaivutia Bismillahi,
ikasoma.

Kumbukumbu haitoshi.

Haitoshi! Mashine hii inameza maktaba nzima
na bado ina njaa. Lakini mchezo
hauitaki kumbukumbu hiyo kubwa, haiitambui.
Unataka ile ya chini, ile finyu,
kilobaiti mia sita za utotoni,
na humo mmeshajaa wapangaji wengine.
Nikawatoa mmoja mmoja.

Ukaniuliza sauti. Hapo sikufikiri:
mia mbili ishirini, mkatizo wa tano, mkondo wa kwanza.
Tarehe ya ndoa yangu naitazama kwenye simu.

Azzan ameamka. Ana miaka tisa.
Anakigusa kioo kwa kidole, anangoja kitii.
"Kimekufa, baba," ananiambia kwa Kiarabu.
"Hakijafa," namjibu kwa Kiswahili, "kinafikiri."
Ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye,
kama diski ya tatu: kwa kurudia.

Kisha ukatokea mlinzi wa mlangoni, nilikuwa nimemsahau:
Andika neno la pili, mstari wa tatu,
ukurasa wa kumi na nne wa kijitabu.

Kijitabu!
Kijitabu kilikwenda chini ya mguu wa cherehani
mwaka ule cherehani ilipoanza kuyumba,
na cherehani yenyewe imeshakwenda.
Nikapiga ngumi sakafuni.

"Nani anagombana usiku huu?"
Mama, kutoka chumbani, sauti ya mtu asiyelala.
"Mchezo, mama. Unataka neno. Ukurasa wa kumi na nne."
Kimya. Kiyoyozi kikakohoa.
"Si giaboksi?"
"Nini?"
"Kumi na nne, giaboksi. Ishirini na mbili, breki.
Kila Alhamisi mkinipigia kelele na mie nakuna nazi.
Ya tisa siijui. Ya tisa mlikuwa mkinong'ona."

Giaboksi.
Mlango ukafunguka.

Gari likatoka. Halikwenda, lilitoka tu:
kidole hakijafika, limeshagonga ukuta,
limerudi, limegonga, mbio zimekwisha,
maana mashine mpya haijui kungoja.
Azzan akacheka mpaka akakaa chini.
Nikaanza kuipunguza. Elfu hamsini. Elfu kumi.
Elfu tatu, na hapo
kona ya kwanza ikaja kwa mwendo wake,
ule ule, wenye nafasi ya kuogopa.

Mama kasimama mlangoni na gilasi ya maji.
"Mbona halilii?"
"Sauti imekataa."
"Basi ndo kazi yote hii?"
Lakini akavuta kiti.

Mwisho wa mbio ikashuka orodha ya washindi,
iliyolala miaka thelathini ndani ya diski ya saba,
diski pekee isiyokwaruza hata kidogo:
wa kwanza, ZUW.
Wa pili, ZUW.
Wa tatu, ZUW.
Mimi niko wa nane.

Sohar anasubiri picha niliyomuahidi.
Nimemwandikia kwamba ya saba haikusoma.